Mzee Chini

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Mama hajambo, ila jicho la kulia limezidi kuingia ukungu, na sasa ananipa sindano nimtungie uzi, yeye aliyenifundisha kushona. Mpwa wako anajiandaa kwa mitihani ya mwisho ya uuguzi, amekonda mpaka sketi zinamzunguka. Mimi nimepata oda ya mapazia ya hospitali nzima, yote ya kijani. Hata nikifumba macho naona kijani tu. Mashine inalalamika lakini inakwenda.

Utashangaa kupata barua siku hizi. Naandika kwa sababu simu unaipokea macho yako yakiwa kwingine. Nakusikia ukisema "ndiyo Dada, ndiyo Dada," na nyuma yake nasikia vidole vinagonga. Barua utaisoma ukiwa umetulia, au hutaisoma kabisa, na hilo nalo litakuwa jibu.

Nataka habari za mume wangu. Tangu kiwanda cha karatasi kifungwe na wahasibu wote warudishwe nyumbani, alikuwa mtu wa kukaa sebuleni akitazama ukuta. Ulipomwita mfanye wote hiyo kazi ya kununua na kuuza hisa nilifurahi, mashati nilimpigia pasi mwenyewe. Lakini sasa akipiga simu ananiambia alichokula, basi. Nikimuuliza kazi ikoje anasema, "Tunasoma soko." Soko linasomwaje? Wewe maneno hujawahi kupungukiwa, nieleze. Na uniambie kama anameza dawa zake za presha, maana akijisikia nafuu siku mbili huziacha.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Shikamoo, na Mama umpe shikamoo yake kubwa. Mwambie mambo yakikaa sawa nitampeleka kwa daktari wa macho, na safari hii si maneno matupu. Mpwa wangu mwambie ale.

Umeuliza soko linasomwaje. Chumba chetu kiko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Madirishani tumetundika mashuka ili mwanga usipige kwenye skrini. Fundi mapazia kama wewe ungetuonea haya. Tuko wanne. Yupo Kocha, ambaye kweli aliwahi kufundisha mpira na bado anapiga kelele kama yuko pembeni ya uwanja. Yupo Msusi, mwenye saluni mtaa huu huu, anayekuja kabla wateja wake hawajaamka, mikono inanukia mafuta ya nywele. Nipo mimi, na shemeji.

Kila hisa ina mchoro wake kwenye skrini, na mchoro umejaa vijiti tunavyoviita mishumaa. Mshumaa mmoja ni dakika tano za biashara. Bei ikipanda ndani ya dakika hizo, mshumaa ni wa kijani, ikishuka, mwekundu. Ukiitazama ilivyojipanga unaona dalili: hapa wanunuzi wamechoka, hapa wanajikusanya waje kwa nguvu. Ukiingia kabla ya wengi na kutoka kabla ya wengi, siku yako imelipa. Kocha na mimi tunasema soko linaelekea juu. Msusi yuko upande wa mwenye sauti kubwa siku hiyo.

Shemeji hataki kusikia habari za mishumaa. Yeye anasoma hesabu za kampuni zenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kama bado yuko kiwandani na mkaguzi anakuja. Anasema kampuni hizi zinauza kidogo kuliko mwaka jana huku bei za hisa zao zinapaa, na hilo haliwezi kudumu. Kila asubuhi Kocha humuuliza, "Leo wapi, mzee?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Chini." Soko linapanda. Kesho yake tena, "Chini." Linapanda tena. Basi Kocha amempa jina, Mzee Chini, na limeshika mpaka kwa muuza magodoro. Tunacheka. Hata yeye hucheka kidogo.

Dawa nadhani anameza. Naiona chupa dirishani.

Mdogo wako


16 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu. Mama alijikwaa kwenye kizingiti akaumia goti, si sana, lakini kwa jinsi anavyolisimulia ungedhani alikatwa mguu. Mpwa wako kafaulu. Alilia siku nzima, halafu akala siku mbili mfululizo.

Mishumaa yako nimeielewa kiasi. Lile jina sijalipenda. Mtu aliyeheshimika kazini maisha yake yote hapewi jina na mtu wa mpira.

Nina jambo. Juzi alinipigia, akazungumza nami muda mrefu kuliko siku zote. Ameuza hisa zake zote, hana tena kitu sokoni. Hakupata faida ya kutangaza lakini hakupoteza, na alitaka kupanda basi mwisho wa wiki arudi nyumbani. Nilitamani kumwambia njoo leo. Sikumwambia. Nilimuuliza, "Na mdogo wangu?" Akaniambia kwamba karibu kila ulichonacho umekiweka humo, na kwamba soko likigeuka hutakuwa na pa kushika. Nikamwambia, "Basi usimwache humo peke yake. Tokeni wote." Akakubali. Unamjua, akikubali amekubali.

Kwa hiyo nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba utotoni ushuke kutoka juu ya paa la jirani. Umeshapata cha kutosha kufungua tena duka lako la simu. Uza, mrudi pamoja. Nimeshafua shuka za chumba cha nyuma.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nafurahi kwa mpwa wangu. Mama mpe pole ya goti.

Nikujibu moja kwa moja: sitoki. Tangu shemeji auze, soko limepanda karibu kila siku. Angetulia tu angekuwa mtu mwingine leo. Yeye mhasibu, mimi muuza simu, haya, niambie nani hakusoma vizuri.

Sasa hana kazi chumbani. Amevuta kiti karibu na mlango, anakunja mikono, anakaa kutwa. Hanunui, hauzi. Nikitaka kununua anasema, "Chini." Nikiuza nikachuma, anasema, "Vizuri, sasa zima hiyo mashine twende." Kocha anasema anatuletea mkosi. Wiki iliyopita uvumilivu ulinishinda, nikamwambia mbele ya wote kwamba aliyeogopa maji hana la kumfundisha anayeogelea. Msusi aliinama akajitia anatafuta kalamu.

Shemeji hakukasirika. Alisema, "Sikukaa hapa kushindana na wewe. Nimekaa nikurudishe kwenu."

Mimi si mzigo wa kurudishwa, Dada. Anakusikiliza wewe. Mwambie arudi nyumbani, atuache tufanye kazi.

Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na anauliza kama bado una ile tabia ya kulala na soksi. Mapazia ya hospitali nimeyamaliza, na mpwa wako ameanza kazi hospitali hiyo hiyo. Anasema akipita wodini anayashika kwa siri.

Simwambii arudi. Atarudi nawe. Mama yetu ana mtoto wa kiume mmoja, na mimi sikukubeba mgongoni miaka yote ile uje umalizike mbele ya kioo cha kompyuta.

Ila nimesikia kwenye simu anasema kichwa kinamgonga asubuhi. Nikamuuliza dawa, akasema zimeisha, atanunua. Nimezituma kwa basi la Alhamisi, mwambie konda akupe mkononi. Hakikisha anameza mbele yako. Mengine yote tubishane, hilo nifanyie.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini mlisafiri salama na shemeji hakuumia sana njiani. Ulipokuja kumchukua hospitalini hatukupata nafasi ya kuzungumza. Niliona hutaki, nami sikulazimisha. Nilisimama upande wa pili wa barabara mpaka gari lilipoondoka.

Kama nilivyokwambia kwa simu siku ile, nilimkuta bafuni ameanguka. Kiharusi hakitoi taarifa. Dawa ulizotuma nilizipokea, nilimpa.

Chumba tumefunga. Soko liliposhuka halikuinuka tena. Kila siku tulisema hii ndiyo sakafu, na kesho yake sakafu ile ilikuwa dari. Kocha amepotea, simu yake haipatikani. Mimi nabeba magodoro dukani chini ili nipate kodi. Muuza magodoro ni mtu mwema, haniulizi kitu.

Shemeji anaendeleaje? Anaongea?

Mdogo wako


9 Julai

Dada,

Hujajibu. Labda barua ilipotea. Simu yako inaita tu.

Hata ukiandika neno moja, hajambo au hajambo kidogo, nitashukuru. Msalimie Mama.

Mdogo wako


22 Agosti

Mdogo wangu,

Barua zako zote zimefika. Mama yupo, anakuulizia, namwambia una kazi nyingi.

Mume wangu upande wa kulia umekufa, mkono na mguu. Mdomo umevutwa. Anajaribu kuongea na maneno yanatoka yamekatika, mimi ndiye nayaunganisha. Namwosha, namlisha, namgeuza, nashona usiku akishalala. Kama ulitaka habari, hizo.

Sikukujibu kwa sababu ya swali la mpwa wako. Alisoma karatasi za hospitali ya huko na akaniuliza kwa nini baba yake hakupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Anasema ipo, na ikiwahi inaweza kumrudishia mtu mkono wake. Kwenye karatasi pameandikwa haijulikani kiharusi kilianza saa ngapi, mgonjwa alikutwa bafuni. Nikamwambia ndivyo mjomba wako alivyosema.

Jumapili iliyopita alikuja mgeni. Msusi wenu. Alikuja kumwona mgonjwa, akaleta sabuni na maji ya matunda. Nilimshukuru, nikamsimulia habari ya bafuni, na yule mwanamke akanikatiza. Alisema, "Bafuni? Si alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni, mbele yetu sote?" Kisha akataka kuondoka. Mpwa wako alisimama mlangoni hakumpisha. Akatuambia alichokiona, lakini alisema mwenyewe kwamba hakuona yote, kwa sababu alikuwa akitazama skrini yake.

Sasa nataka kusikia kwako. Usiandike salamu. Andika kilichotokea.


14 Septemba

Dada,

Ile ndiyo siku soko lilipokatika. Lilifunguka chini, na michoro yote ilikuwa myekundu. Kocha alikuwa anazunguka chumba akisema wakubwa wa soko wanatutisha ili tuuze wanunue wao, tusikubali, mchana litarudi juu. Mimi nilimwamini kwa sababu sikuwa na jingine la kuamini. Msusi alikuwa analia na kununua, ananunua na kulia.

Shemeji alikuwa kwenye kiti chake. Asubuhi ile alisema kichwa kinamuuma. Dawa zako nilizipokea kwa konda kama ulivyosema, nikampa mkononi. Kuhakikisha anameza sikuhakikisha. Wakati wa dawa ndio wakati soko linafunguka.

Akasema, "Chini."

Hakuna aliyegeuka. Lilikuwa neno lake la kila siku, na siku ile kila mtu alikuwa analiona kwa macho. Akarudia, "Chini," sauti nzito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Kocha akamwambia, "Leo umefurahi, mzee, umeshinda, sasa tuachie." Akasema tena. Nikamjibu bila kugeuka, "Hapana shemeji, itapanda."

Akasema, "Niweke chini."

Hapo niligeuka. Alikuwa ameegemea ukuta, bega moja limeshuka, jicho moja linanitazama mimi. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Nilijua, Dada. Baba alikwenda vile vile, na wewe na mimi tulikuwepo.

Msusi hakuona linalofuata, wala Kocha. Nilikuwa nimeshainuka. Kwenye skrini yangu bei ikarudi juu kidogo, mshumaa wa kijani wa kwanza tangu asubuhi, na nikafikiri, nikiuza sasa hivi nitaokoa nusu. Nikakaa. Nilimwambia, "Subiri kidogo, shemeji." Mshumaa ule ulifunga, nikasubiri wa pili upande zaidi. Wa pili ulikuwa mwekundu. Sikuuza. Nilisikia kiti kinaanguka, ndipo nikamkimbilia.

Hospitali daktari aliniuliza kilianza saa ngapi. Nilijua saa mpaka dakika, kwa sababu mishumaa ina saa chini yake. Lakini niliona nikisema, ataniuliza, na wewe ulikuwa wapi? Nikasema sijui, nilimkuta bafuni. Akanieleza taratibu kabisa kwamba kuna dawa, lakini bila kujua kilianza lini hawezi kuthubutu, inaweza kumuua. Akaniuliza tena kama kuna mtu yeyote aliyekuwepo. Alisubiri jibu. Nikasema hakuna.

Basi. Sikuombi kitu.


30 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua yako ilikaa chini ya mashine ya kushonea kwa muda. Nilikuwa nikiisoma mstari mmoja naiacha. Mpwa wako aliisoma yote mara moja, akatoka nje, aliporudi akasema jina lako lisitajwe akiwa mezani. Naliheshimu hilo. Mama sijamwambia na sitamwambia.

Mimi ndiye niliyemweka kwenye kile kiti. Alitaka kurudi Machi, mzima, na miguu yake, na mimi nikamwambia akae akulinde. Hilo silisemi ili nikupunguzie. Lako ni lako. Nalisema kwa kuwa nimelibeba tangu siku niliyopanda gari kumfuata, na humu ndani hakuna wa kumwambia.

Juzi nilimsomea barua yako. Nilifikiri nimfiche, nikaona ameshafichwa vya kutosha. Nilisoma yote, mpaka pale daktari alipouliza mara ya pili. Alinitazama usoni muda wote. Nilipomaliza alifumba macho, machozi yakatoka upande mmoja tu, ule mzima. Alipofumbua nikamuuliza nikuandikie nini.

Ilimchukua muda. Nilidhani anataka maji. Akasema, "Aje."

Nikamwambia, "Yeye? Baada ya haya?"

Akarudia, akakasirika kwamba namrudisha nyuma, "Aje."

Hilo ni neno lake, si langu. Mimi bado sijui nitakutazamaje. Ukija, mpwa wako atahamia kwa mwenzake karibu na hospitali, na usimfuate kumwomba radhi. Chakula kitakuwepo. Mazungumzo usiyatafute.

Panda basi la Jumamosi, linalofika usiku. Mlango wa nyuma utakuwa wazi. Usije kwangu kwanza, ingia kwake moja kwa moja. Chumba cha nyuma, kile nilichokufulia shuka, ndimo alimo. Ubavu wa kushoto anaoulalia umeanza kuchubuka na mgongo wangu umegoma kumnyanyua, kwa hiyo mgeuze, mfute, mpake mafuta yaliyoko dirishani, na akikuita usiseme subiri. Utafanya hivyo mpaka asubuhi, na kesho yake, na siku zote atakazokuhitaji. Mimi nitakuwa nimelala.

Dada yako, bado